Farasi Wawili Waliopotea Ziwani

Injini ya Yamaha Enduro iliyoandikwa 15 kwenye kifuniko hutoka kiwandani na nguvu za farasi 15. Ukiifunga kwenye boti pale Mombasa utawapata karibu wote. Ukiileta Sori, Muhuru Bay au Mbita, utapungukiwa na farasi wawili hivi kabla hujavuta kamba. Hakuna aliyewaiba. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mchana, joto likiwa nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ya ziwani ina uzito wa kilo 1.02, wakati ile ya Mombasa katika joto hilohilo ina karibu kilo 1.16. Injini huchoma petroli kwa kadiri ya hewa inayovuta. Hewa ikipungua asilimia 12 au 13, nguvu nazo hupungua kiasi hicho, pengine na zaidi kidogo.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu ndiyo inayowatofautisha mafundi. Ufuo mzima, tangu Muhuru Bay hadi Kendu Bay, hutakosa mtu wa kuifungua injini ya boti na kuifunga tena ikawaka. Wachache miongoni mwao ndio wanaojua nguvu za injini hukaa wapi, hupotelea wapi, na ni kiasi gani unaweza kuzirudisha bila kuiua injini yenyewe. Hao wachache ndio wamenifanya nikae vibandani mwao muda mrefu kuliko nilivyopanga, nikiangalia mikono.

Mwenye boti anayekuja kibandani haji na hesabu ya hewa. Anakuja na haja. Wenzake wanafika kwenye magari ya barafu mapema na samaki wao wa mbuta wakati yeye bado yuko majini. Upepo wa alasiri unamkuta katikati ya safari kutoka kisiwa cha Migingo. Basi anasema, "Fundi, niongezee nguvu." Na mara nyingi dawa anakuja nayo mkononi: amesikia kwamba ukikwangua uso wa kichwa cha silinda injini inakuwa kali, au ukiweka jeti kubwa kwenye kabureta, au ukiuza hii 15 ununue 40.

Fundi mmoja wa Sori niliyemtazama akipokea ombi la namna hiyo hakugusa spana. Alivuta kigoda. "Jaduong', ukiwa umebeba wavu na samaki, injini inalia vipi? Inapanda sauti au inakaa palepale inanguruma?" Mzee akasema inanguruma. "Na ukirudi bila mzigo?" Bila mzigo inaimba. Fundi akainama akaitazama propela, akasafisha matope kwa kidole gumba mpaka namba zikaonekana kwenye kitovu chake.

Injini hii inatoa nguvu zake kamili ikizunguka kati ya mara 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ikizuiwa isifike hapo, wale farasi walioandikwa kwenye kifuniko hawapo, hata injini iwe mpya. Na kinachoizuia mara nyingi ni propela yenye msokoto mkubwa mno kwa mzigo ule. Msokoto hupimwa kwa inchi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Punguza inchi moja, na injini hupanda mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika. Boti nyepesi ya abiria inataka msokoto mrefu. Boti ya mbao ya wavuvi, iliyoloa maji na kujaa nyavu, inataka mfupi, na kwa hewa ya mita 1,134 inataka mfupi zaidi. Propela nyingi zinazouzwa pamoja na injini hazikuchaguliwa kwa ajili ya boti ya Sori. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuongeza nguvu ni kubadilisha kipande kimoja cha alumini, na kazi hiyo inahitaji koleo, pini mpya na grisi kidogo. Napenda sana kwamba fundi mzuri huanzia hapo, mahali penye malipo madogo kuliko pote.

Kuhusu kununua 40, jibu la fundi lilikuwa la uzito. Ile ya 15 ina kilo 36 hivi, na ya 40 ina karibu mara mbili ya hizo. Ubao wa nyuma wa boti uliochongwa kwa ajili ya injini moja hautabeba nyingine kwa sababu tu mwenyewe amepata mkopo. Mawimbi ya alasiri yataupasua, na injini itakwenda chini pamoja na mkopo.

Lakini injini ya mzee huyu ilikuwa pia imechoka. Propela ingemrudishia sehemu, si yote. Hapo ndipo ilipoinuliwa mezani, na hapo ndipo ufundi wenyewe unapoonekana.

Injini ya viharusi viwili ni kitu kidogo kinachodai adabu kubwa. Hii ina silinda mbili, kila moja na kipenyo cha milimita 56, na pistoni inatembea milimita 50. Jumla ni sentimita za ujazo 246, pungufu ya chupa ndogo ya soda. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila silinda inawaka zaidi ya mara 80 kwa sekunde moja. Na kwa kuwa haina vali kama za gari, hewa huingia kwanza kwenye chumba cha krenki kupitia vibamba vyembamba vya chuma vinavyofunguka na kujifunga, kisha pistoni ikishuka huisukuma juu kwenye silinda. Kibamba kimoja kikipasuka ncha, sili ya krenki ikikauka, gaskiti ikivuja kidogo tu, pumzi inatoka njiani. Mwenye boti haoni moshi wala hasikii mlio mbaya. Anaona tu kwamba mwaka huu Migingo imekuwa mbali kuliko mwaka jana.

Fundi alivitoa vile vibamba akavishika mbele ya jua, kimoja kimoja. Penye mwanga kupita katikati ya kibamba na kiti chake, pana nguvu inayopotea. Kisha akachukua ringi mpya ya pistoni. Fundi wa haraka angeivisha moja kwa moja. Yeye aliitia ndani ya silinda peke yake, akaisukuma chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa pande zote, akaingiza fila geji kwenye mwanya kati ya ncha zake mbili. Kwenye injini hii mwanya unatakiwa uwe robo milimita hivi. Ukibana mno, ringi ikipata moto ncha hugusana na kukwangua silinda. Ukiachana mno, mgandamizo unavuja. Alipima juu, akapima katikati, akapima chini, na katikati geji ikaingia kwa ulegevu. Akarudia. Akaandika namba tatu kwenye daftari la shule lenye alama za vidole vya oili.

Zile namba tatu zilisema kwamba silinda imelika tumboni. Ringi mpya juu ya silinda iliyolika ni pesa iliyotupwa majini, na fundi akamwambia mzee hivyo bila kumung'unya. Silinda ilibidi ipelekwe kuchongwa kwenye mashine ya kukereza, kisha ipate pistoni iliyozidi robo milimita. Yamaha wenyewe hutengeneza pistoni za nyongeza za 0.25 na za 0.50, maana yake injini imeumbwa ikitarajia kufufuliwa angalau mara mbili. Anayeruka moja kwa moja kwenye 0.50 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani anamnyang'anya mwenye injini maisha yake ya pili. Nadhani hili ndilo kosa linaloniudhi kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu halionekani kwa miaka.

Kazi hii ya kutafuta nguvu bila kuiua injini inafanyika hata kwenye ndege ndogo zinazotua Kabunde, Homa Bay, na Lichota, Migori. Cessna 206, ndege iliyozoeleka sana kwenye viwanja vifupi vya Afrika Mashariki, kwa miaka mingi ilitoka na injini ya Continental IO-520. Hiyo hutoa farasi 300 kwa mizunguko 2,850, lakini kwa dakika tano tu za kuruka. Baada ya hapo rubani hushusha hadi 2,700 na kubaki na 285. Wanaotaka zaidi huibadilisha kwa IO-550. Kipenyo cha silinda hakibadiliki. Kinachoongezwa ni mwendo wa pistoni, milimita sita na ushei, na ujazo unapanda kutoka lita 8.5 hadi lita 9. Matokeo yake ni farasi walewale 300, ila sasa kwa mizunguko 2,700 na bila kikomo cha dakika tano. Mtu asiyejua angeuliza faida iko wapi. Faida ni kwamba nguvu zinapatikana kwa utulivu, chuma hakiteswi, na propela haipigi kelele nyingi. Hata hivyo, ndege hiyo ikiruka kutoka ukingo wa ziwa mchana wa joto, hewa nyepesi inamnyima rubani zaidi ya farasi 40 kati ya hao 300. Hesabu ni ileile ya boti ya Sori. Tofauti ni kwamba fundi wa ndege ana cheti kwa kila badiliko, namba kwa kila kipande na sahihi kwa kila boliti. Wa Sori ana daftari la shule, na mzee ambaye kesho atakuwa kilomita nyingi kutoka nchi kavu akitegemea yale yaliyoandikwa humo.

Mzee hakuwa amesahau habari ya kukwangua kichwa cha silinda. Fundi alimjibu kwa petroli. Mgandamizo ukipanda, mafuta lazima yawe safi, la sivyo yanalipuka kabla ya wakati na kutoboa pistoni. Na petroli ya kununua kwa mitungi ufuoni si ya kuapia. Uchanganyaji wa mafuta ya taa na petroli au dizeli ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Kichwa kikaachwa kama kilivyotoka kiwandani, kikasuguliwa masizi tu, na boliti zikakazwa kwa awamu mbili kuanzia katikati kwenda nje.

Ilibaki kabureta. Kwa kuwa hewa ni kidogo huku, jeti iliyopimwa kwa usawa wa bahari humwaga petroli nyingi mno: moshi unazidi, plagi zinalowa, nguvu zinapungua. Kushusha jeti saizi moja hurudisha uwiano. Lakini katika injini ya viharusi viwili petroli ndiyo inayobeba oili, lita moja kwa lita 50, na wakati wa kuizoesha injini mpya lita moja kwa 25. Ukipunguza petroli umepunguza na ulainishaji. Hapa ndipo fundi anapokuwa kati ya nguvu na kifo cha injini, na geji ya kumwambia amefika wapi hana. Ana rangi ya plagi.

Aliweka jeti ndogo, na baada ya saa kumi za kuizoesha injini polepole wakaingia majini wote wawili, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Mzee alifungua mafuta yote na boti ikainua pua kwa namna ambayo, alisema, hajaiona tangu injini ilipokuwa mpya. Fundi akaiacha ikimbie dakika chache hivyo, kisha akaizima ghafla katikati ya mwendo bila kuiacha ingurume taratibu, akatoa plagi. Kauri yake ilitakiwa iwe na rangi ya kahawia. Ilikuwa inaelekea kuwa nyeupe.

Mzee hakutaka kusikia. Nguvu ameziona, na magari ya barafu hayasubiri. Fundi akamwambia kwamba kwa jeti ile injini itamfurahisha mwezi mmoja, halafu itamwacha Migingo. Waliporudi ufuoni alifungua kabureta akarudisha jeti ya zamani, na akamrudisha mzee majini kujaribu upya.