"Toa Masega, Gari Ipumue": Ushauri Tunaoukubali Bila Kuupima

Kama unamiliki Altezza, Celica au Subaru Impreza ya zamani hapa Dar, kuna sentensi moja lazima umeshaisikia: "Toa masega, gari ipumue." Utaisikia Tandika, utaisikia Mwananyamala, na ukienda kutafuta spea Kariakoo utaikuta inakusubiri. Leo tunaichukua sentensi hiyo na kuipima kama hoja nyingine yoyote ya kisayansi. Inadai nini? Ina ushahidi gani? Na kama si kweli, nani analipa gharama?

Tuanze na chenyewe. Masega ni kopo la chuma kwenye bomba la moshi, kati ya injini na sailensa. Ndani yake kuna tofali la kauri lenye maelfu ya vitundu, mfano wa sega la nyuki, ndo maana mafundi wetu wakaliita hivyo. Kuta za vitundu zimepakwa madini adimu: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita pale ukiwa wa moto, kazi tatu zinafanyika kwa mpigo. Kaboni monoksidi inageuka kaboni dioksidi. Mafuta ambayo hayakuungua yanamaliziwa kuungua. Na oksidi za naitrojeni zinavunjwa kuwa naitrojeni na oksijeni za kawaida, hizi tunazozivuta kila siku.

Ila masega yana masharti. Yanahitaji joto la kama nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi ndipo yaanze kazi vizuri. Pia yanataka mchanganyiko sahihi wa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Anayelinda kipimo hicho ni kompyuta ya gari, ikisaidiwa na sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba. Volvo walianza kuuza gari lenye mfumo huu kamili Marekani kwa toleo la mwaka 1977, na baadaye dunia nzima ikafuata.

Sasa turudi kwenye ushauri wetu. Ndani yake kuna madai matatu.

Dai la kwanza: masega yanabana gari. Hapa fundi ana sehemu ya ukweli. Masega yaliyoziba yanazuia moshi kutoka, na gari linakosa nguvu kabisa, hasa ukilikanyaga. Lakini swali ambalo halijibiwi ni hili: yameziba kwa sababu gani? Masega hayazibi kwa sababu tu gari limezeeka. Yanazibwa na injini inayokula oili, maana majivu ya oili yanafunika vitundu. Au yanayeyushwa na injini inayomisi, kwa sababu petroli ambayo haikuungua kwenye silinda inakwenda kuungua ndani ya masega yenyewe. Kwa hiyo masega yaliyoziba ni dalili. Ukiyatoa ukaacha injini inakula oili, umetupa kipimajoto na homa umebaki nayo.

Tena kuziba kunapimika. Unafungua sensa ya oksijeni ya mbele, unafunga geji ya presha kwenye tundu lake, unakanyaga mafuta na kusoma. Ni kazi ya dakika chache. Ukiambiwa masega yameziba na hakuna geji iliyotolewa, umepewa maoni.

Dai la pili: gari litakula mafuta kidogo. Hili halisimami. Kiasi cha petroli kinapangwa na kompyuta kwa kufuata sensa ya mbele, ambayo kwa kawaida iko kabla ya masega. Kwenye mwendo wa kawaida, ukitoa masega mazima kompyuta itaendelea kulenga 14.7 ileile. Gari likinywa mafuta kupita kiasi, mshukiwa wa kwanza awe sensa ya oksijeni iliyochoka, kisha plagi, koili, filta ya hewa na injekta. Na kuna mshukiwa mmoja wa nyumbani kabisa: themostati. Wengi wetu tumeambiwa nchi ya joto haihitaji themostati, tukaitoa. Matokeo yake injini haifiki joto lake la kazi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi ya baridi, inaongeza petroli. Hapo umeongeza kaboni monoksidi na bili ya sheli kwa pamoja.

Dai la tatu halisemwi kwa sauti: moshi hauonekani, kwa hiyo gari ni safi. Hapa ndipo pana hatari. Moshi mweusi unaonekana, na wa bluu wa oili unaonekana. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Gari la petroli lisilo na masega linaweza kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela likiwa "safi" kwa macho ya kila mtu, huku likimwaga gesi hiyo kwa trafiki aliyesimama pale toka asubuhi, kwa bodaboda na kwa mtoto anayeuza maji. Mwenye gari amefunga vioo na kuwasha AC. Gharama ya ushauri ule wanalipa walio nje.

Kwa nini basi ushauri unadumu? Sababu moja ni biashara. Madini yaliyo ndani yana thamani, na masega yakishatolewa yana wanunuzi. Anayekushauri uyatoe wakati mwingine ndiye atakayebaki nayo. Muulize basi: yakitoka, anayachukua nani?

Sababu ya pili inatuhusu sote: hatupimi. Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilitoka 2007. TBS wanakagua magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Lakini gari likishapata namba, unaweza kuliendesha miaka kati ya Tegeta na Mbagala bila bomba lake kuchomekwa mashine ya gesi hata siku moja. Tunaulizwa breki, taa na matairi, na ni sawa kabisa. Moshi unahukumiwa kwa macho.

Linganisha na gari hilohilo lilikotoka. Altezza RS200, yenye injini ya lita 2.0 na nguvu farasi 210, ilipokuwa Japani ilirudi kwenye ukaguzi kila baada ya miaka 2. Kwa magari ya petroli ya viwango vya 1998 na kuendelea, kaboni monoksidi ikiwa injini imetulia haitakiwi kuzidi asilimia 1, na mafuta yasiyoungua yasizidi sehemu 300 kwa milioni. Lilikuwa linafaulu likiwa na nguvu zake zote. Halikuhitaji "kupumua" kule, limeanza kukosa pumzi hapa? Jirani zetu Rwanda wameanzisha utaratibu mpya wa kupima moshi wa magari Agosti 2025, kwa hiyo tusijidanganye kwamba Afrika Mashariki haiwezi.

Hata mashine yenyewe tuikosoe kidogo. Kipimo cha injini iliyotulia hakioni oksidi za naitrojeni, kwa sababu hizo zinazaliwa kwa wingi injini ikiwa na mzigo na joto kali. Mjanja akipunguza petroli ili kaboni monoksidi ishuke, anaweza kufaulu huku akipandisha oksidi za naitrojeni barabarani. Kipimo cha namna hiyo ni bora mara nyingi kuliko macho, ila kinadanganyika. Siku tukianzisha cha kwetu, tuanze tukilijua hilo.

Je, unataka gari lako la zamani lifaulu kihalali, hata kama leo hakuna anayekulazimisha? Fuata mpangilio. Kwanza maliza kumisi na kula oili. Badilisha oili, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli inapandisha mafuta yasiyoungua. Rudisha themostati. Ziba matundu yote ya bomba yaliyo kabla ya sensa ya oksijeni, kwani hewa ikiingia pale sensa inadanganyika na kompyuta inaongeza petroli bure. Pima sensa yenyewe. Masega yaje mwisho. Ukifunga mapya juu ya injini mbovu, utayaua kama ya zamani. Na siku ya kupima, endesha dakika 20 kwanza, yapate moto.

Dawa za kumwaga kwenye tangi? Zinaweza kusafisha injekta kidogo. Haziwezi kufufua masega yaliyoyeyuka.

Fundi mzuri hatachukia ukimwuliza ameipimaje gari yako. Atafurahi kukuonyesha geji. Akikosa cha kukuonyesha, funga boneti, mshukuru, na uondoke na masega yako.