"Tangazo Bora" au "Tangazo Lililopendwa"?

Tangu mwaka 1989 gazeti la USA Today la Marekani limekuwa likikusanya alama ambazo watazamaji huyapa matangazo ya biashara yanayoonyeshwa katika televisheni wakati wa Super Bowl, yaani fainali ya futiboli ya Kimarekani. Ni rahisi kwa mfasiri kuliita tangazo linaloongoza "tangazo bora". Istilahi hiyo ina kasoro. Alama hizo hupima jinsi tangazo lilivyowapendeza watazamaji. Hazipimi mauzo ya bidhaa, wala ukweli wa yaliyosemwa. Tangazo laweza kuchekesha nchi nzima na bidhaa ikadoda dukani. Twapendekeza "tangazo lililopendwa zaidi". Mfasiri asimfikishie msomaji hukumu ambayo watazamaji wenyewe hawakuitoa.