M-Pesa: Jinsi Watumiaji Walivyoibadilisha Kabla ya Uzinduzi

M-Pesa ilipangwa kwanza kuwa njia ya kurejesha mikopo midogo kwa simu. Kampuni ya simu ya Vodafone ilipata ruzuku ya serikali ya Uingereza kwa kazi hiyo, na majaribio yakaanza Oktoba 2005 jijini Nairobi na mjini Thika, yakiwahusisha kampuni ya simu ya Safaricom, mawakala wachache na wateja wapatao 500 wa taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya.

Timu ya Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone ilifuatilia miamala na kuwasikiliza wateja. Ilibainika kuwa wengi walikuwa wakiitumia huduma kwa mahitaji ambayo hayakuwamo katika mpango. Wapo waliowatumia pesa jamaa zao. Wafanyabiashara walilipana. Wengine waliweka mauzo ya siku kwa wakala jioni, benki zikiwa zimefungwa, wakayatoa asubuhi. Wasafiri nao waliweka pesa kabla ya kuondoka na kuzitoa walikofika, wasibebe fedha taslimu njiani.

Kasoro pia zilionekana mapema. Wateja walisahau nambari za siri, na mafunzo yalichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Kwa upande wa Faulu, mfumo wa hesabu haukuungana na M-Pesa, hivyo taarifa za marejesho ziliingizwa kwa mkono. Isitoshe, mkopaji aliyeweza kulipa kwa simu hakuwa na sababu kubwa ya kuhudhuria mkutano wa kikundi, ilhali dhamana ya mkopo ilitegemea kikundi hicho.

Uamuzi mgumu ukafuata: marejesho ya mikopo, yaliyokuwa kiini cha mradi, yaliondolewa. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilibaki na mambo machache: kuweka na kutoa pesa kwa wakala, kutuma pesa, na kununua muda wa maongezi. Menyu yake ilikaa ndani ya laini, ikafanya kazi hata kwenye simu za bei nafuu bila intaneti. Kuweka pesa hakukutozwa ada, na aliyetumiwa angeweza kuzipokea hata kama hajasajiliwa.

Kabla ya mwaka huo kwisha, waliojisajili walikuwa wamepita milioni 1. Kampuni inayobuni huduma ya kidijitali ina funzo hapa: majaribio yana faida pale tu matokeo yake yanaporuhusiwa kubadilisha mpango wenyewe, hata sehemu iliyopendwa zaidi na waliouandika.