Hesabu za Gurudumu la Mkono Zinapopotea Njiani

Katika mitambo ya kuchonga chuma iongozwayo na kompyuta mna kiungo kimoja kidogo ambacho mwendeshaji hukigusa mara nyingi kuliko vingine vingi, nacho ni gurudumu la mkono, lile lenye alama 100 pembezoni mwake na vituo 100 vinavyosikika kidoleni lizungushwapo, ambalo kwalo meza husogezwa taratibu hata ncha ya chombo ikafika mahali pa kuanzia kazi. Gurudumu hili halikushikamana na skrubu ya meza kwa chuma, kama ilivyokuwa katika mitambo ya zamani; limeshikamana nayo kwa hesabu tu. Likipita kituo kimoja, kompyuta huhesabu, huzidisha kwa kipimo kilichochaguliwa, yaani milimita 0.001, 0.01 au 0.1, kisha huiamuru mota isogee kadiri hiyo. Basi meza ikianza kutetemeka, kuruka, au kurudi nyuma ilhali mkono unakwenda mbele, swali lipasalo kutangulia si mota ina nini wala skrubu imelegea wapi, bali hesabu zimeharibika katika hatua ipi ya safari yao.

Swali hilo nitalichambua kwa mtambo mmoja wa aina isiyo nadra makarakanani: mwili wake ni wa zamani na madhubuti, vifaa vyake vya asili vya kuuongoza vimekwisha kufa, na mahali pake pamewekwa kompyuta ya kawaida yenye LinuxCNC, programu ambayo asili yake ni kazi ya NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya serikali ya Marekani, na ambayo leo hutumiwa bure na yeyote apendaye. Malalamiko ya mwendeshaji yalikuwa mawili, naye aliyataja kwa pumzi moja kana kwamba ni jambo moja: ukizungusha polepole meza hutii, ukiharakisha hucheza mbele na nyuma, na spindeli ikiwashwa meza hutikisika hata kama gurudumu halikuguswa. Rai iliyotolewa pale pale, na iliyokubaliwa na wengi, ilikuwa kutia chujio ndani ya programu ili kutuliza mambo yote mawili kwa mpigo. Rai hiyo haikuwa na ubaya wa nia, lakini kama ingalifuatwa ingaliongeza ila moja kwa kupunguza nyingine, na sababu yake ndiyo kiini cha uchambuzi huu.

Ndani ya gurudumu mna kisahani chenye mianya, na vijicho viwili vya mwanga vinavyotoa ishara mbili za umeme, A na B, zilizopishana kwa robo ya mzunguko wa ishara. Kwa hiyo kila kituo kimoja cha kidole huwa na hali nne zinazofuatana: zote mbili zimezima, moja imewaka, zote zimewaka, ya kwanza imezima na ya pili ingali inawaka, kisha mwanzo tena. Kila mara hubadilika ishara moja tu, utaratibu ambao watu wa elimu hii huuhusisha na jina la Frank Gray wa maabara ya Bell, aliyepewa hataza yake mwaka 1953. Mfuatano ukisomwa kwenda mbele hesabu huongezeka, ukisomwa kinyume hupungua. LinuxCNC, isipoambiwa vingine, huhesabu mabadiliko yote manne, hata duara moja la gurudumu likawa na hesabu 400, wala si 100 kama alama zilivyo. Na mtu aliyesahau jambo hili huiona meza yake ikienda mara nne ya kipimo, akalaumu gurudumu lisilo na hatia.

Jaribio la kwanza lilikuwa jepesi, na ajabu ni kwamba aghalabu hurukwa. Kitufe cha dharura kilibonyezwa ili mota zisipate nguvu, gurudumu likawekwa kwenye sifuri, na badala ya kutazama meza, mafundi wakatazama hesabu yenyewe kiooni. Duara moja mbele, polepole: 400. Duara moja nyuma: sifuri. Kisha likafanywa lile lile kwa haraka, mkono ukishika kishikio na kuzungusha kama afanyavyo mtu anayetaka meza ifike upesi upande wa pili: hesabu ikapungukiwa, mara nyingine ikarudi nyuma katikati ya mwendo, na gurudumu liliporejeshwa sifuri hesabu haikurejea nalo. Hapo mota, skrubu na reli za meza zote zilitoka katika tuhuma, maana hesabu ilikwisha kuharibika kabla ya amri yoyote kuzifikia. Lau hesabu ingalikuwa sahihi na meza ikakosea, uchunguzi ungaliendelea upande mwingine kabisa.

Ila hii ya mwendo wa kasi ilikuwa katika kutazama. LinuxCNC hufanya kazi zake kwa duru zinazojirudia: duru ya polepole, ambayo kwa kawaida hupita mara 1,000 katika sekunde, na katika mitambo ambayo kompyuta yenyewe hutoa mapigo ya mota, duru ya haraka ambayo huweza kupita mara 20,000 au zaidi. Aliyeunganisha mtambo huu aliweka usomaji wa gurudumu katika duru ya polepole, pengine kwa kudhani kwamba mkono wa mwanadamu hauwezi kushinda kutazamwa mara elfu kwa sekunde. Mfano wake ni mlinzi anayelala na kufumbua jicho kwa vipindi, huku mtu akizunguka nyumba yenye pembe nne. Akimkuta pembe moja mbele ya pale alipomwacha, anajua ameelekea wapi. Akimkuta pembe ya kukabili, hana la kusema, kwani njia zote mbili zafika hapo. Na akiwa amepita pembe tatu, mlinzi ataapa kwa yakini kwamba mtu huyu amerudi nyuma pembe moja, naye hasemi uongo kwa kadiri alivyoona.

Sasa tupige hesabu. Mabadiliko 400 kwa duara, mizunguko miwili kwa sekunde, ni mabadiliko 800 kwa sekunde. Ukitazama mara 1,000 waonekana umesalimika. Walakini mabadiliko hayo hayaji kwa nafasi sawa. Kile kijispringi kinachofanya vituo visikike hulishika gurudumu na kuliachia ghafula, hata mabadiliko manne ya kituo kimoja yakaja yamesongamana, kisha pakawa kimya mpaka kituo kifuatacho. Wastani ni 800, lakini ndani ya ule mruko kasi ni kubwa zaidi, na hapo ndipo mabadiliko mawili au matatu yanapopita kati ya kutazama kumoja na kwingine. Ndiyo maana kosa laweza kuanza kuonekana hata mkono ukiwa chini ya mizunguko miwili kwa sekunde, jambo ambalo hesabu ya wastani peke yake haiwezi kulieleza. Na hapa pana mtego wa pili: halscope, chombo cha LinuxCNC cha kuchora ishara kiooni, nacho hutazama kwa mwendo wa duru kilimofungwa, hivyo kikifungwa katika duru ya polepole huonyesha uongo ule ule uliokwisha kuaminiwa na hesabu. Ilibidi osiloskopu ya mezani iletwe, spindeli ikiwa imezimwa, ndipo ishara A na B zikaonekana safi, zimepishana vizuri, hazina taksiri yoyote.

Dawa, basi, ni kuhamishia usomaji katika duru ya haraka, au kuukabidhi kwa kadi yenye kihesabio chake chenyewe. Lakini haikufaa kufanywa kwanza, na hapo ndipo ile ila ya pili ilipoingia.

Spindeli ilipowashwa na gurudumu likaachwa bila kuguswa, hesabu haikutambaa kwenda upande mmoja. Iliruka moja juu na kurudi moja chini, tena na tena. Dalili hii ina maana yake. Pigo la bandia likiingia katika njia moja tu ya zile mbili, mhesabu wa hali nne huongeza moja na papo hapo huipunguza, na jumla yake ni sifuri; lakini kipimo kikiwa milimita 0.1 kwa kituo, kila mruko mmoja ni milimita 0.025, na meza hutetemeka kwa kadiri hiyo. Kebo ya gurudumu, iliyobeba ishara za volti 5, ilikuwa imefungwa pamoja na kebo ya mota ya spindeli kwa mita kadhaa, na vazi lake la nyuzi za shaba halikuunganishwa popote. Inverta ya spindeli, yaani kifaa kinachoilisha mota yake umeme, huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kishindo chake huacha alama katika waya uliolala ubavuni mwake.

Alama hizo ni fupi mno. Duru ya polepole ilikuwa ikizikosa nyingi na kunasa chache. Kama usomaji ungalihamishwa katika duru ya haraka kabla ya kebo kusafishwa, zingalinaswa nyingi zaidi, na mtetemeko ungaliongezeka. Na kama ingalifuatwa ile rai ya awali, ya kutia chujio linalotaka ishara ibaki vile vile kwa kutazamwa mara tatu au nne ndipo iaminiwe, mtetemeko ungalipungua, lakini kutazama kwa mara 1,000 kungalikuwa sawa na takriban mara 300 tu, na ile ila ya kasi ingalizidi maradufu. Dawa ya kila moja ilikuwa sumu ya mwenzake maadamu waya ulikuwa mchafu.

Kwa hiyo kazi ilianzia kwenye waya. Kebo ilitengwa na ya spindeli, na palipokuwa hapana budi kukutana zikapitishwa kwa kukatana msalaba. Vazi la shaba likaunganishwa na ardhi upande wa kabati pekee. Umeme ukapimwa nyuma ya gurudumu lenyewe, si kwenye kabati, maana kebo ndefu na nyembamba huweza kula sehemu ya zile volti 5. Gurudumu nalo likabadilishwa kwa lile lenye viungio sita vya waya, ambalo kila ishara yake huja na kinyume chake, na kipokezi husoma tofauti ya waya mbili, hata kishindo kinachozipata zote kwa pamoja kikajifuta. Spindeli ikawashwa, hesabu ikatulia. Ndipo usomaji ukahamishwa katika duru ya haraka, na jaribio la sifuri likafuzu kwa mwendo wowote.

Lilibaki jambo ambalo si ubovu, ila hudhaniwa kuwa ubovu. Kwa 0.1 na mizunguko miwili kwa sekunde meza hudaiwa milimita 20 kila sekunde. Kama uwezo wake ni 10, mkono ukisimama meza huendelea kulipa deni lake. LinuxCNC ina pini iitwayo jog-vel-mode ambayo ikiwashwa meza husimama pamoja na gurudumu, deni likasamehewa, nayo kwa rai yangu yafaa kuwashwa katika kipimo kikubwa na kuzimwa katika vidogo, ambamo kila kituo lazima kihesabiwe. Chujio la kulainisha mwendo nalo, ilowpass, lina mahali pake halali, baada ya hesabu kuwa sahihi. Likitumiwa kabla ya hapo hulainisha uongo.

Nawasihi mafundi wanaovika mitambo ya zamani akili mpya waandike ndani ya mlango wa kabati mambo manne: hesabu za duara moja la gurudumu, duru ambamo husomwa, upande ulikofungwa ardhi ya kebo, na hali ya jog-vel-mode kwa kila kipimo. Ni mistari minne ya kalamu, na atakayefungua mlango huo baada yao hatalazimika kuanza kwa kubahatisha.