Talaka: Neno Moja, Mizigo Mitatu

Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, iliziweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali za Tanzania Bara chini ya paa moja. Iliandikwa kwa Kiingereza, na tangu hapo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wamekuwa wakiieleza kwa Kiswahili, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo maneno yaliyokuwa yakipita midomoni tu sasa yanapaswa kusimama katika hati. Tunapenda kulipima moja kati yake, yaani talaka, pamoja na machache yanayoandamana nalo.

Katika kata kama Mabwerebwere, wilayani Kilosa, talaka huweza kuwa tamko la mume, au karatasi anayomkabidhi mke, au amri ya mahakama. Maana mbili za kwanza ni za kale, wala hatuna ugomvi nazo. Ugomvi wetu ni na wafasiri walioongeza ile ya tatu bila kuipa alama ya kuitambulisha. Kwa sheria hii ndoa haivunjwi na karatasi ya mume. Huendelea kuwa ndoa mpaka mahakama itoe amri. Mama aliyepewa karatasi, akafunga mizigo na kurudi kwao akiamini kwamba "ameshapewa talaka", haoni sababu ya kwenda popote kudai chochote. Shamba alilolilima linabaki nyuma. Hapo mume amemdhulumu, na neno nalo limemsaidia mume.

Sheria yenyewe haikulidharau tamko. Waliooana Kiislamu wakishafika mbele ya baraza, na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, tamko linalofuata huifanya mahakama ione kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ndipo itoe amri. Basi tofauti ipo ndani ya sheria. Ni lugha ya tafsiri iliyoifuta. Tunapendekeza tamko la talaka kwa la kwanza, karatasi ya talaka kwa la pili, na amri ya talaka kwa la tatu, wala neno talaka lisiachwe peke yake katika fomu yoyote ya serikali.

Baraza hilo nalo lina mkanganyiko wake. Wengine huliita la usuluhishi, wengine la upatanishi. Usuluhishi siku hizi umebebeshwa migogoro ya ardhi, ya kazi na ya biashara, ambamo msuluhishi mara nyingine huamua. Baraza la ndoa haliamui; hujaribu kupatanisha, na likishindwa hutoa hati yenye maoni yake. Kwa sababu hiyo tunaona upatanishi unafaa zaidi. Na hati iitwe hati, isiitwe barua, kwani madai ya talaka hayapokelewi bila hati hiyo, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, na haifai ikiwa imepita miezi sita. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mtwara, ilibatilisha mwenendo wa shauri la talaka kwa kuwa hati ya baraza haikuwa halali.

Lakini kituko kikubwa kuliko vyote ni wakili wa talaka, msemo uliochukuliwa mzimamzima kutoka maandishi ya Marekani. Katika ndoa ya Kiislamu wakili ni mtu anayesimama badala ya mwingine, na mume aweza kumtuma wakili akatamke talaka kwa niaba yake. Mwambie mama wa kijijini atafute wakili wa talaka, naye ana haki ya kushangaa kwa nini amtafute mjumbe wa mumewe! Isitoshe, daftari la mawakili nchini ni moja, halina fungu la talaka. Tuseme wakili katika shauri la talaka, na tuongeze kwamba mlango wa kwanza si ofisi yake. Sheria inaagiza baraza liwepo katika kila kata, na mbele ya baraza wakili haruhusiwi. Ndugu wa familia ndiye anayeweza kusema. Wakili humfaa mdai afikapo mahakamani. Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, aweza kumwelekeza mtu njia, lakini asiitwe wakili, maana hawezi kumsimamia mahakamani.

Limebaki la mali. Wengi huandika mali ya ndoa, istilahi fupi isiyosema mali hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika hukumu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuipata. Mali iliyochumwa pamoja ni ndefu zaidi, lakini mkulima akiisoma anajua kuwa anaulizwa habari za jasho, pamoja na lile lililomwagika jikoni.