Betri ndogo ya kamera ya gari ichaguliwe kwa kazi yake

Kamera ya dashibodi ikianza kurudisha tarehe nyuma kila gari linapowashwa, wa kwanza kulaumiwa huwa memori kadi. Mara nyingi mkosaji ni betri ya ndani. Safarini kamera haitegemei betri hiyo. Umeme hutoka kwenye gari, volti 12 au 24 zikishushwa hadi 5. Betri ina kazi mbili tu: kutunza saa gari likiwa limezimwa, na kuipa kamera sekunde chache za kufunga faili umeme unapokatika. Kamera hurekodi vipande vya dakika chache chache, na kwa kawaida faili la MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa. Faharasa isipoandikwa, picha zimo kwenye kadi lakini hazifunguki. Kwa hiyo kinachopotea ni kipande cha mwisho, na ajali iliyong'oa waya wa kamera imo humo humo. Kwa mwenye gari anayetaka kuonyesha polisi wa barabarani nani aliingia njia ya mwenzake, na saa ngapi, hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya kamera. Ndiyo maana nasema betri mpya ichaguliwe kwa kazi hizo mbili, wala si kwa ukubwa wa namba ya chaji iliyochapishwa juu yake.

Huku mashariki mwa Kongo, njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, na zaidi hadi Salamabila na Namoya, inaziua betri hizi kwa namna mbili. Ya kwanza ni jua. Betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45 za Selsiasi, na nyuma ya kioo cha gari lililoegeshwa juani joto linaweza kupita 60. Dereva akiwasha gari saa nane mchana, kamera inaanza papo hapo kuichaji betri iliyokwisha kupata moto, na baada ya muda betri inavimba, inasukuma skrini hadi ufa unaonekana pembeni. Ya pili ni kulala bila kazi. Masika yakifunga barabara, gari linasimama siku nyingi, saa inakula chaji polepole, na betri ikishuka chini ya volti 2.5 hivi inaharibika ndani na haipaswi kufufuliwa.

Fundi wa simu anayejua kulehemu anaiweza kazi ya kubadilisha betri hii. Skrubu mara nyingi hujificha chini ya stika. Kifuniko kifunguliwe kwa kipande cha plastiki, maana betri iliyovimba ikitobolewa na bisibisi inaweza kuwaka. Waya zikatwe mmoja mmoja na kila ncha ifungwe tepu kwanza, kwa kuwa mkasi ukizibana zote mbili kwa pamoja unapiga shoti. Kisha zisomwe namba za betri ya zamani: kwa mfano, 402030 maana yake unene wa milimita 4, upana 20 na urefu 30. Betri mpya iwe na volti 3.7 na kibao chake kidogo cha ulinzi chini ya tepu ya njano. Rangi za waya zisiaminiwe; multimeta ndiyo iseme ipi ni chanya. Waya wa tatu ukiwepo, huenda ni wa kupima joto, na betri mpya lazima iwe nao wa aina ile ile. Kwa mitikisiko ya barabara ile, betri ishikizwe kwa tepu yenye gundi pande mbili, isiachwe ikining'inia kwa waya.

Wapo watakaouliza: kwa nini tusiweke kubwa zaidi? Kwa sababu sekunde za kufunga faili hazihitaji akiba kubwa, na betri iliyobanwa ndani ya ganda haina nafasi ya kutanuka. Wengine watapendekeza kapasita, ambayo kweli huvumilia joto vizuri zaidi. Lakini kapasita moja ya volti 2.7 haiwezi kubeba volti 4.2 za chaji, na hata zikiunganishwa mbili kwa mfululizo hazitunzi saa kwa siku nyingi. Zinafaa kamera iliyoundwa kwa ajili yake. Kuna pia hoja ya kuitoa betri na kuendelea bila chochote. Kama imevimba, naikubali kwa muda, kwani betri iliyovimba ni hatari zaidi kuliko faili lililopotea. Iwekwe kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na nyumba. Na anayeshauri kununua kamera mpya akumbuke kwamba ikiwa nayo ina betri ya lithiamu, kioo ni kile kile na jua ni lile lile.

Mwenye gari, kabla ya kulipa mwombe fundi aijaze chaji, aanze kurekodi, achomoe plagi ghafla, kisha afungue faili la mwisho kwenye kompyuta mbele yako. Kesho yake asubuhi iwashe tena na uangalie tarehe. Faili likigoma au saa ikirudi nyuma, mrudishie kamera.