Ukatili wa Nyumbani baina ya Wanawake Wawili: Uhakiki wa Tawasifu ya Carmen Maria Machado

Mwanamke akisema kwamba ameteswa nyumbani, swali la kwanza atakaloulizwa, iwe na jirani, na polisi au na muuguzi, litamhusu mumewe. Swali hilo limekwisha kuijenga hadithi kabla mwenyewe hajaisimulia: yupo mume, yupo mke, zipo nguvu upande mmoja na unyonge upande wa pili. Je, mtesaji akiwa ni mwanamke mwenzake? Hilo ndilo jambo linaloshughulikiwa na Carmen Maria Machado, mwandishi wa Marekani, katika tawasifu yake In the Dream House, iliyochapishwa mwaka 2019 na kupewa tuzo ya Rathbones Folio mwaka 2021. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, na nyumba inayosimuliwa imo Bloomington, katika jimbo la Indiana; hata hivyo tatizo lake kuu ni la lugha, na kwa hiyo lawahusu wasomi wa Kiswahili pia.

Kisa chenyewe si kirefu. Msimulizi, mwanafunzi wa uandishi katika jimbo la Iowa, anampenda mwanamke ambaye kitabu hakimtaji kwa jina. Mapenzi yanaanza kwa furaha isiyo na mashaka, kisha yanaingia wivu, maswali yasiyokwisha, matusi na vitisho. Usiku mmoja msimulizi anafukuzwa ndani ya nyumba hata anajifungia bafuni. Baadaye mwenzake anadai kwamba hakumbuki lolote. Vipigo vyenyewe ni vichache, na hapo ndipo penye uchungu wa kitabu: msimulizi anafikia hatua ya kutamani kuwa na alama mwilini, apate cha kuwaonyesha watu.

Kwa upande wa fani, mwandishi amekigawa kitabu katika sura nyingi fupi, nyingine zisizozidi aya moja, na kila sura inaipa nyumba ile sura ya aina fulani ya utungo: kisa cha kutisha, ngano, tamthilia na kadhalika. Chini ya kurasa anaongeza tanbihi kutoka katika faharasa ya motifu za fasihi simulizi iliyotungwa na Stith Thompson, ambayo wanafunzi wa ngano wanaifahamu. Anayekatazwa kufungua mlango, anayepokonywa sauti, anayeolewa na dubwana: yote yamekwisha kuandikiwa namba. Hoja ni kwamba mateso ya msimulizi ni ya zamani sana, ila wahusika wake ndio ambao hakuna aliyewatazamia. Ni hoja nzuri. Lakini ifikapo katikati ya kitabu tanbihi hizo zimegeuka mazoea, na baadhi ya sura zaisha mara tu mzaha wa kichwa chake unapoeleweka.

Matumizi ya nafsi yana nguvu zaidi. Aliyekuwa ndani ya nyumba ile anaitwa «wewe». Aliyetoka na sasa anaandika anaitwa «mimi». Aliyenusurika anamsemesha aliyeteseka kama mtu amwitaye nduguye aliye ng'ambo ya mto, asiyeweza kumvusha.

Sura iliyo bora kupita zote imeigwa kutoka katika vitabu vya watoto ambavyo msomaji mwenyewe huchagua njia ya kisa. Asubuhi inafika, mwenzako amekasirika kwa sababu ulijigeuza-geuza usingizini ukamnyima usingizi. Ukitaka kuomba radhi, fungua ukurasa fulani. Ukitaka kumwambia akuamshe safari nyingine, fungua mwingine. Ukitaka kumtuliza, mwingine tena. Msomaji anachagua kwa busara yote aliyo nayo, naye anarudishwa kwenye asubuhi ileile. Zipo hata kurasa ambazo hakuna chaguo linaloelekeza kwake, na msomaji anayezifikia kwa kufunua tu anakemewa kwa kutaka kudanganya. Watu wa nje huuliza kila siku kwa nini aliyeteswa hakuondoka mapema. Hotuba ndefu haziwaridhishi waulizao hivyo. Kurasa hizi chache zinawafanya waombe radhi wao wenyewe, mara mbili, mara tatu, kwa kosa la kulala. Mwalimu wa elimu ya jamii hatapata chombo kingine kilicho chepesi namna hii.

Upande wa maudhui, kitabu ni kazi ya kutafuta nyaraka. Machado anaanza na asili ya Kigiriki ya neno lenyewe la hifadhi ya nyaraka, lililokuwa na maana ya nyumba ya mtawala, kisha anauliza ni nani asiyeruhusiwa kuingia humo. Miongoni mwa kesi anazozichunguza, imo ya wanawake wanane waliofungwa Framingham, Massachusetts, kwa kuwaua wenzi waliokuwa wakiwatesa, nao wakaomba mwaka 1992 wapunguziwe adhabu. Mmoja tu kati yao alikuwa amemuua mwanamke. Ili asikike, mawakili wake iliwapasa kumwonyesha kuwa ndiye aliyekuwa «mke»: mpishi, mfagiaji, mlezi wa watoto. Ukurasa huo unasema mengi kuliko tanbihi zote za Thompson. Mteswa alihitaji kutafsiriwa katika lugha ya ndoa ya mume na mke, la sivyo mateso yake yasingehesabiwa kuwa mateso.

Wala si jambo la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Marekani mwaka 2010 na kutangazwa mwaka 2013 ulikuta kwamba wanawake wanaowapenda wanawake, asilimia 44 kati yao, walikwisha kubakwa, kupigwa au kuandamwa na mwenzi wakati fulani wa maisha yao. Kwa wanawake wanaopenda jinsia zote mbili ni asilimia 61, na kwa wale wanaopenda wanaume peke yao ni asilimia 35. Tarakimu hizo zataka kusomwa kwa uangalifu, maana zawahesabu wenzi wote wa maisha, wanaume kwa wanawake. Mwaka huohuo wa 2013 ndipo sheria ya Marekani kuhusu ukatili dhidi ya wanawake ilipokataza waziwazi huduma zinazolipiwa na fedha zake kumbagua mteswa kwa ajili ya mwelekeo wake wa mapenzi.

Kwa Kiswahili, kitabu hiki kingefasiriwaje? Nafsi ya tatu haitakuwa na shida: «yeye» haitofautishi mwanamume na mwanamke, na neno «mwenzi» halimkatai mtu. Shida itaanza kwenye kitenzi, kwa kuwa mmoja huoa na mwingine huolewa, na mafundisho juu ya ukatili wa nyumbani hufuata mwelekeo huo wa kitenzi. Neno «msagaji», ambalo kamusi inalo, limebeba dharau nyingi mno kuweza kutumiwa na mtu anayetaka kumsaidia mwingine. Anayeitwa hivyo mlangoni hatabisha hodi mara ya pili. Kongo ina mfano wake wa nguvu za kutaja: sheria ya tarehe 20 Julai 2006 ilipoeleza upya ubakaji, ilimhesabu mwanamume pia miongoni mwa wanaoweza kutendewa, na mashtaka ambayo zamani hayakuwa na jina yakapata pa kupelekwa.

Huko Leander, Texas, tawasifu hii iliwekwa katika orodha ya vitabu vya kujichagulia wanafunzi wa sekondari. Mwaka 2021 wazazi waliilalamikia kwa sababu ya kurasa zinazosimulia mapenzi ya kimwili, nayo ikaondolewa. Kurasa hizo zimo kweli, na ni haki ya mzazi kuuliza. Lakini umri wa sekondari ndio umri ambao wengi hupenda kwa mara ya kwanza, na mwandishi hakuweka kurasa zile kwa ajili ya kuburudisha: bila kuonyesha utamu wa mwanzo, asingeweza kueleza kilichomzuia msimulizi kuondoka.

Lawama iliyo nzito zaidi ni nyingine. Kitabu kinamfunza msomaji kumsadiki mteswa, lakini hakimwonyeshi jirani afanye nini usiku ule wa bafuni. Marafiki wa msimulizi wanapita kando ya kisa, wema na wasiojua la kufanya, na mwandishi hawaulizi mengi. Anayetaka kuifundisha sura ile ya asubuhi itampasa kuiongezea mtu mmoja ambaye Machado hakumweka: yule aliye upande wa pili wa ukuta, aliyesikia, na maswali atakayomuuliza mteswa watakapokutana kesho kisimani.